Ukishikwa Ni Habari, Ukiachiliwa Ni Kimya: Nenda Ukachukue Faili Yako

Siku unashikwa na karao, mtaa mzima unajua. Picha inapigwa, inarushwa kwa grupu ya WhatsApp ya ploti, mtu anaandika "mimi nilijua tu huyu", na kufikia jioni hata mama mboga ana maoni. Lakini siku hakimu anakuachilia, hakuna anayepiga picha. Hakuna posti. Unapanda matatu kurudi nyumbani kama mtu aliyetoka kununua sukari tu.

Kwa hivyo unabaki na rekodi mbili. Ya kweli iko kwenye faili moja, ndani ya masijala ya mahakama. Ya uongo iko kwenye simu za watu mia mbili. Na kwa sababu hakuna mtu huenda kuchukua ile ya kweli, ile ya uongo ndiyo inaajiri, ndiyo inafukuza, ndiyo inaamua kama utakodishiwa nyumba.

Maoni yangu ni haya: faili ya kesi ni yako kuliko unavyodhani, na usipoifuata, grupu ya ploti ndiyo itabaki kuwa mahakama yako ya rufaa. Mimi si wakili na chuo chenyewe sikumaliza. Lakini kupata rekodi ya mahakama hakuhitaji digrii. Kunahitaji nambari, barua, risiti na uvumilivu. Tangu maandamano ya Juni 2024, vijana wengi wa rika letu wamejipata kizimbani, kwa hivyo hii si stori ya wahalifu wa kwenye runinga. Ni stori yetu.

Kwanza toa Marekani kichwani

Tumetazama video nyingi sana za uhalifu wa Marekani. Mtu anaandika jina, anachagua kaunti, na kesi inatokea kwenye skrini. Kule kesi nyingi za makosa makubwa husikizwa na mahakama za ngazi ya kaunti, karani wa mahakama hiyo ndiye hutunza rekodi, na kaunti nyingi zimeweka rejista zao mtandaoni.

Hapa kwetu tuna kaunti 47, na hakuna hata moja yenye mahakama ya jinai ya kwake. Mahakama zote ziko chini ya Idara ya Mahakama, ambayo ni ya kitaifa. Gavana wako hana faili yako. Ukienda ofisi za kaunti kuiuliza, watakuonyesha mlango, tena kwa haki kabisa.

Kitu kingine: usidhani makosa makubwa ni mauaji na wizi wa mabavu peke yake. Kanuni ya Adhabu, ile Sura ya 63, inayaita feloni makosa ambayo sheria imeyataja hivyo, na pia yale yanayoweza kukupeleka jela miaka 3 au zaidi, kama sheria haijasema ni madogo. Wizi wa kawaida umo. Yaani simu iliyochomolewa mfukoni kwenye matatu inaweza kumweka msee katika kundi lile lile la kisheria na watu ambao wewe huwaona kwenye habari za saa moja. Ndiyo maana unahitaji kujua hasa faili yako inasema nini.

Unaanzia wapi?

Anza na chaji shiti. Ile karatasi uliyosomewa kizimbani ina nambari ya OB, nambari ya kesi ya polisi, na nambari ya kesi ya mahakama. Hiyo ya mwisho ndiyo ufunguo. Ipige picha, ijitumie kwa barua pepe, mpe mamako nakala. Ukiwa na nambari kamili na mwaka, karani anajua rafu gani aende. Usipokuwa nayo, unamwambia atafute sindano shambani.

Kama nambari ina herufi E mbele, usishtuke. Inatokana na mfumo wa kusajili kesi kielektroniki ulioanza Nairobi Julai 2020.

Huna chaji shiti? Jiulize kesi ilisomewa wapi. Kwa kawaida polisi hupeleka mtu katika mahakama inayohudumia eneo ambako kosa linadaiwa kutokea. Hapa Nairobi inaweza kuwa Milimani, Makadara, Kibera au kwingine. Mauaji husikizwa na Mahakama Kuu, lakini wizi wa mabavu, hata ukiwa na adhabu ya kifo, huanzia kwa hakimu. Watu wengi hukosea hapo na kwenda kusumbua masijala ambayo si yake.

Kuna pia orodha za kesi za siku, ambazo hubandikwa mahakamani na nyingine huwekwa mtandaoni. Zina jina, nambari, hakimu na chumba. Kama unajua tarehe hata moja ambayo kesi ilitajwa, orodha ya siku hiyo inaweza kukupa nambari.

Halafu kuna Kenya Law. Hii ni tovuti ya Baraza la Kitaifa la Kuripoti Sheria, na ni ya bure. Kazi yako ni bando tu. Andika Muruatetu, kwa mfano, na utapata uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2017 uliosema ni kinyume cha Katiba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila kesi ya mauaji. Ukiendelea kusoma utaona mahakama hiyo hiyo ilirudi Julai 2021 kufafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji pekee. Mambo mazito kama hayo, na unayasoma ukiwa kwa foleni ya benki.

Lakini shika mambo mawili kuhusu Kenya Law. Moja, nyingi za hukumu zake ni za Mahakama Kuu kwenda juu. Kesi ya hakimu inaweza kukosekana kabisa pale, kwa hivyo ukitafuta jina la mtu ukose, usitangaze kwamba hana kesi. Pili, kama kulikuwa na rufaa, una bahati. Hukumu ya rufaa kwa kawaida hutaja mwanzoni kesi ya asili, yaani nambari, mwaka na mahakama, kisha husimulia ushahidi wote upya. Ukurasa wa kwanza wa rufaa unaweza kukupa ile nambari uliyoitafuta wiki mbili.

Barua, muhuri, risiti

Ukishajua nambari, unaandika barua. Usiende masijala kuongea tu. Maneno hupotea, barua iliyogongwa muhuri haipotei.

Mahakama ya hakimu, andikia mkuu wa kituo cha mahakama hiyo. Mahakama Kuu, andikia naibu msajili. Weka jina lako kama lilivyo kwenye chaji shiti, si jina lako la TikTok. Weka nambari ya kitambulisho, simu, nambari ya kesi, jina la hakimu kama unalijua, na tarehe uamuzi ulipotolewa. Kisha sema unachotaka bila kuzunguka: "Mimi ni mshtakiwa katika kesi hii. Naomba nakala iliyoidhinishwa ya mwenendo wa kesi na ya uamuzi wa mwisho." Kule masijala utasikia mwenendo wa kesi ukiitwa prosidingi. Ni kitu kimoja: maandishi ya kila kilichosemwa, kila shahidi, kila tarehe.

Chapisha barua mara mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili wanaigonga muhuri wa kupokelewa na unarudi nayo. Huo muhuri una thamani kuliko unavyofikiri, nitakueleza kwa nini hapo chini.

Haki yako inatoka wapi? Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kupata nakala ya mwenendo wa kesi katika muda unaofaa baada ya kesi kuisha, kwa kulipa ada inayofaa. Na sheria ya utaratibu wa kesi za jinai inasema mshtakiwa akiomba nakala ya hukumu yenyewe, apewe bila kuchelewa na bila malipo. Soma tena: hukumu ni bure kwa mshtakiwa. Ada ni ya ule mwenendo wa kesi.

Ukiambiwa ulipe, lipa kwa njia rasmi ya serikali na uchukue risiti. Akitokea mtu kwenye korido akuambie umtumie doo kwa laini yake "ndio faili itembee", huyo hauzi haraka, anakuuzia hofu yako mwenyewe. Kila mahakama inafaa kuwa na dawati la huduma kwa wateja, na Idara ya Mahakama ina Ombudsman wake wa kupokea malalamiko. Andika, taja nambari ya kesi, taja tarehe.

Kama wewe si mshtakiwa wala mlalamishi, mambo ni tofauti kidogo. Kesi husikizwa hadharani, kwa hivyo unaweza kuingia, ukaketi nyuma na kusikiliza, mradi usirekodi bila ruhusa. Kwa karatasi, andika barua uombe kupitia faili na useme sababu. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaweka siku 21 za kujibiwa, au saa 48 kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu. Lakini kuna milango itabaki imefungwa, na ni sawa ifungwe. Kesi za watoto na za dhuluma za kingono hulindwa. Ndiyo maana kwenye Kenya Law utaona kesi zenye herufi tatu tu badala ya jina.

Kilichompata binamu yangu

Binamu yangu alikuwa mtunza stoo katika duka moja la jumla. Bidhaa zikapotea, akashikwa pamoja na mwenzake, wakashtakiwa kwa wizi wa mwajiriwa. Hilo adhabu yake inafika miaka 7. Picha yake akishuka kwenye gari la polisi ilizunguka mtaani kabla hata hajasomewa mashtaka. Kesi ikaenda zaidi ya mwaka, ikitajwa na kuahirishwa, hadi siku moja akaambiwa aende nyumbani. Akatuambia: "Nilishinda." Tukachinja kuku.

Miezi kadhaa baadaye akapata nafasi ya kazi nzuri. Mwajiri alikuwa amesikia ile stori. Hakumkataa, alisema tu, "Niletee karatasi inayoonyesha kesi iliishaje." Binamu hakuwa na karatasi yoyote. Alikuwa na neno lake dhidi ya picha.

Nikamsindikiza hadi masijala. Mara ya kwanza jina lake halikuonekana. Mara ya pili, pia halikuonekana. Alianza kuingiwa na wazo kwamba faili imeuzwa. Mara ya tatu karani mmoja mama wa makamo akauliza swali ambalo hatukuwa tumelifikiria: "Mlishtakiwa wangapi?" Wawili. "Wewe ulikuwa wa ngapi?" Wa pili. Kumbe kesi ilikuwa imeandikwa kwa jina la mshtakiwa wa kwanza "na mwingine". Binamu yangu kwenye rejista alikuwa "mwingine". Faili ilipatikana siku hiyo hiyo. Kwa hivyo kama mlishtakiwa mkiwa wengi, tafuta kwa jina la wa kwanza, hata kwenye Kenya Law.

Kisha ikabidi tungoje. Hakimu alikuwa ameandika kwa mkono na lazima maandishi yachapishwe kwanza ndipo yaidhinishwe. Tulipopata nakala, ile kazi ilikuwa imeenda kwa mtu mwingine. Hakuna aliyemdhulumu makusudi. Karatasi ilichelewa tu, na kazi haingoji karatasi.

Na ndani ya ile nakala kulikuwa na jambo lingine. Binamu hakuwa ameshinda.

Soma maneno, usisome hisia

Kesi yake ilikuwa imeondolewa chini ya kifungu cha 87(a). Maana yake ni kwamba upande wa mashtaka uliiondoa kabla mshtakiwa hajatakiwa kujitetea, na yeye akaachiliwa. Lakini kuachiliwa kwa namna hiyo hakuzuii kushtakiwa tena kwa mambo yale yale. Si hatia, na pia si ushindi. Mlango umerudishwa tu, haujafungwa kwa kufuli.

Tofautisha na hizi. Kifungu cha 202: mlalamishi hakufika kortini, hakimu hakuona sababu ya kuahirisha, ukaachiliwa huru. Kifungu cha 210: upande wa mashtaka umemaliza ushahidi wake na hakimu akaona huna kesi ya kujibu, umeachiliwa huru. Kifungu cha 215: kesi imesikizwa yote na hakimu ameamua, una hatia au huna. Mtaani hizi zote zinaitwa "alitoka". Kwenye faili ni vitu tofauti kabisa, na mtu akikuuliza rasmi kama uliwahi kupatikana na hatia, jibu lako lazima litoke kwenye faili, si kwenye ile furaha ya siku ya kutoka.

Wengine watasema, si nitachukua tu cheti cha maadili mema cha DCI? Kichukue, waajiri wengi watakiitisha. Lakini cheti kile hutokana na alama za vidole na rekodi za polisi. Hakisimulii shahidi alisema nini wala hakimu alitoa sababu gani. Kinachosimulia ni faili.

Sasa ule muhuri kwenye kopi ya barua. Ukipatikana na hatia na hakimu, una siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Siku 14 ni chache mno, hasa mtu akiwa ndani na familia inatafuta wakili. Lakini sheria inasema kama ulichelewa kwa sababu uliomba nakala ya hukumu na ya rekodi na hukuipata katika muda unaofaa, rufaa yako lazima ipokelewe. Utathibitishaje kwamba uliomba? Kwa ile kopi yenye muhuri na tarehe. Kikaratasi hicho kinaweza kuwa tofauti kati ya mtu kusikizwa na mtu kukaa ndani akingoja.

Na kama familia ililipa dhamana ya pesa taslimu, kesi ikiisha na kama hukuvunja masharti, pesa hizo hurudishwa. Utaitishwa risiti ya dhamana. Najua watu waliokopa kwa chama kulipa dhamana na hawajawahi kurudi kuidai. Hizo ni pesa zenu, zimelala.

Na sisi wa kamera je?

Niseme na wenzangu wa kutengeneza video. Skrinishoti ya mtu akiwa amefungwa pingu inapata watazamaji haraka kuliko kitu chochote. Lakini Katiba inasema mshtakiwa hana hatia hadi ithibitishwe, na haijasema "isipokuwa kama video inavuma". Kama una nguvu ya kutafuta jina la mtu hadi ukapata kesi yake, una nguvu ya kusoma hadi ukurasa wa mwisho. Ukiposti kushikwa kwake, rudi uposti kuachiliwa kwake, kwa ukubwa ule ule. Kama huna muda wa kufuata mwisho, basi usianze.

Na si kila kilicho wazi ni kontenti. Faili ina majina ya mashahidi, nambari za simu, wakati mwingine majeraha ya mtu yaliyoelezwa na daktari. Haki ya kusoma haikupi ruhusa ya kumwaga yote mtandaoni.

Binamu yangu sasa ana kazi, sehemu nyingine. Alipoitwa kwa mahojiano alibeba ile nakala kwenye bahasha ya kaki. Hakusema alishinda. Alisema kesi iliondolewa, akafungua ukurasa, akaweka kidole pale penye muhuri. Maswali yakawa mawili tu, kisha wakaendelea na mengine.

Kwa hivyo kama una kesi, hata ile ya miaka mitatu iliyopita ambayo umeamua kuisahau, andika barua wiki hii. Na kama kesi yako itaisha kesho, usiondoke mahakamani kabla ya kupitia masijala na kuacha ombi lako. Omba wakati huna haraka nayo. Kama una ndugu ambaye mtaa ulishamhukumu, muulize swali moja tu: nambari ya kesi ni gani?